Mchana Mzima kwa Dakika Moja: Somo la Kamera Tulilolijaribu Katonga



Tangu msimu uliopita tumepokea maswali mengi juu ya kamera. Aghalabu mwulizaji hutaka kujua kama kamera yaweza kulinda karafuu uwanjani wakati wa usiku. Jibu la swali hilo ni fupi: yaweza, na fundi yeyote wa mjini ataifunga. Leo hatusemi habari za wezi. Twataka kueleza kazi nyingine ya kamera ile ile, ambayo wachache wetu wameijaribu: kupiga picha moja kila baada ya muda fulani, mchana kutwa, kisha kuziunganisha picha hizo ziwe filamu fupi. Tangu kuanika hata kuanua, yote hutazamwa kwa muda usiotimia dakika moja. Kivuli ambacho kwa macho hakionekani kwenda, katika filamu huonekana kikikimbia.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1910 Mwingereza F. Percy Smith alionyesha kwa njia hii filamu ya maua yakichanua. Siku hizo ilihitajika mitambo na subira kubwa. Kamera ya mtandao, yaani ile inayopeleka picha zake kwa waya au kwa hewa mpaka kwenye kompyuta, ilianza kuuzwa mwaka 1996 na kampuni ya Axis ya Sweden, na leo iko katika maduka ya kila mji. Programu tutakazozitaja hazina bei.

Somo hili hatukulijaribia kwenye karafuu. Tulilijaribia Katonga, kando ya Ziwa Tanganyika, karibu na mji wa Kigoma, ambako tulikwenda kwa shughuli nyingine mwezi wa Septemba tukakaa siku tisa. Msituone tumepotea njia. Mtu aliyekulia katika mikarafuu akifika Katonga hajisikii mgeni, kwani kazi ni ile ile ya kuwania jua. Mitumbwi hutoka jioni katika nyakati za giza la mwezi, wavuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai na sasa taa za umeme wa jua, dagaa hukusanyika chini ya mwanga, wavu ukainuliwa. Asubuhi kama saa 2 mitumbwi hurudi kwa wingi, na papo hapo samaki huanikwa. Jua likiwa zuri dagaa hukauka kwa siku moja. Sisi karafuu yetu hutaka siku nne hata saba, lakini hofu ni moja: wingu likija, kila mtu hukimbilia alichoanika.

Mwenyeji wetu, mama mmoja mkaushaji, ana vichanja kumi na viwili katika safu tatu. Safu moja iko karibu na nyumba, ya pili katikati, ya tatu karibu na maji. Alitueleza shida yake usiku wa kwanza. Dagaa wa safu ya juu, ile ya karibu na nyumba, walikuwa wakifika jioni bado na unyevu, na mnunuzi akishika mkononi tu alijua, akapunguza bei ya mzigo wote. Safu hiyo ilikuwa kazi ya kijana mmoja, mpwa wake. Mama alikuwa amekwisha kata shauri kwamba kijana ni mvivu, hageuzi dagaa kwa wakati, na mara mbili alikuwa amemkata ujira wake. Kijana alikana, lakini mkubwa akisema na mdogo akikana, ni nani husikilizwa? Tulikuwa na kamera sandukuni. Tukamwambia, "Mama, tupe siku tatu."

Sasa tuingie katika somo.

La kwanza ni kamera yenyewe. Zimo madukani kamera rahisi ambazo huzungumza na simu tu, kwa programu ya mtengenezaji, na hazikubali kuzungumza na kompyuta. Hizo hazifai kwa kazi hii. Kabla hujalipa, mwulize mwuzaji kama kamera hutoa mkondo wa RTSP, au kama imeandikwa ONVIF, ambayo ni kanuni iliyoanzishwa mwaka 2008 ili kamera za watengenezaji mbalimbali ziweze kusikilizana na mashine za wengine. Akisema hajui, omba karatasi ya maelezo uisome mwenyewe. Ni afadhali pia kamera inayokubali umeme na picha kupita katika waya mmoja wa mtandao, kwani waya huo waweza kufika mita 100, na ukanda wa uwanja mwingi hauzidi hapo.

Kompyuta yaweza kuwa kuukuu. Sisi tulitumia Raspberry Pi, ambayo hutosha katika kiganja, yenye mfumo wa Linux. Kamera na kompyuta huunganishwa kwa ruta moja. Hapa wengi huogopa gharama bila sababu: kazi hii haihitaji intaneti hata kidogo. Picha hutoka katika kamera, hupita katika ruta, huingia katika kompyuta, basi. Hununui bando. Tena ni heri kamera isifunguliwe kwa ulimwengu wa nje, na neno la siri la kiwandani libadilishwe siku ile ile ya kwanza. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilinasa kamera na ruta kwa maelfu mengi, kwa sababu tu wenyewe waliyaacha maneno ya siri ya kiwandani.

Programu ni mbili. Ya kwanza huitwa Motion, nayo ndiyo inayopokea picha. Ya pili huitwa FFmpeg, nayo ndiyo inayoziunganisha. Katika Linux ya jamii ya Debian huingizwa kwa amri moja:

sudo apt install motion ffmpeg

Kisha hufunguliwa faili la maagizo, /etc/motion/motion.conf, na mistari ifuatayo hutafutwa na kusahihishwa. Twaandika kwa namna ya toleo la 4. Matoleo mengine yaweza kuwa na tofauti kidogo.

netcam_url rtsp://192.168.1.20:554/mkondo
netcam_userpass jina:siri
snapshot_interval 30
picture_output off
movie_output off
snapshot_filename %Y%m%d/%H%M%S

Mstari wa kwanza ni anwani ya kamera. Namba yake utaipata katika ruta, na neno la mwisho, ambalo hapa tumeandika mkondo, kila mtengenezaji ana lake. Litazame katika karatasi ya maelezo. Wa pili ni jina na neno la siri. Wa tatu ndio moyo wa somo: picha moja kila sekunde 30. Usipouandika, Motion haipigi picha za namna hii hata moja.

Mstari wa nne na wa tano tuliusahau, na twataka msisahau ninyi. Motion ilibuniwa kwa ajili ya ulinzi. Kazi yake ya asili ni kuangalia kama kitu kinacheza, na kikicheza, huhifadhi picha na filamu. Sasa fikirini mwalo wa Katonga saa 2 asubuhi. Kila kitu kinacheza! Watu, ndoo, kuku, mawimbi, nguo kwenye kamba. Siku ya kwanza, kabla ya adhuhuri, kadi ya kumbukumbu ilikuwa imejaa pomoni na kompyuta imekwama, na tulichokipata ni mamia ya filamu za kuku. Ukiandika off katika mistari hiyo miwili, ulinzi hukoma na picha za kila nusu dakika huendelea.

Mstari wa sita nao tumeulipia. Motion ikiachwa ilivyo, hulipa kila faili jina linaloanza na namba ya tukio, ndipo hufuata tarehe na saa. Siku ya pili umeme ulikatika saa 8 mchana ukarudi baada ya robo saa, na programu ilipoanza upya ilihesabu matukio tangu mwanzo. Tulipounganisha picha, alasiri ilitangulia asubuhi, na jua likaonekana likirudi nyuma. Mwenyeji wetu alicheka sana, lakini siku ilikuwa imepotea. Ukiandika jina kama tulivyoonyesha hapo juu, kila siku hupata jalada lake, na ndani yake picha hupangika kwa saa.

Na saa yenyewe ni jambo. Raspberry Pi za kabla ya ile ya tano hazina saa inayoendelea umeme ukikatika. Huuliza saa katika intaneti, na kama hakuna intaneti hukisia tu kwa ile ya mwisho waliyoikumbuka. Hivyo kila umeme ukirudi, yapasa kusahihisha saa kwa mkono, au kununua kipande kidogo cha saa chenye betri. Ieleze kompyuta pia kwamba uko Afrika Mashariki:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam

Kumbukeni kwamba mashine huhesabu kizungu: saa 2 yetu ya asubuhi ni 08, saa 12 ya jioni ni 18.

Sasa hesabu, ambayo mtu hana budi kuifanya kabla ya kufunga kamera, si baada yake. Tangu saa 2 asubuhi hata saa 12 jioni ni saa 10, yaani sekunde 36,000. Picha moja kila sekunde 30 ni picha 1,200. Filamu ikienda kwa picha 25 katika sekunde moja, mchana wote huwa sekunde 48. Kwa kamera yetu kila picha ilikuwa kama kilobaiti 300, kwa hiyo mchana mmoja ulikula kama megabaiti 360, na siku 30 zingekula chini kidogo ya gigabaiti 11. Kadi ya gigabaiti 32 yatosha msimu mmoja wa kuanika kwa mtu anayesafisha picha za zamani.

Mbona sekunde 30, si 5 wala si dakika 10? Inategemea mwendo wa kitu unachotaka kukiona. Ukipiga kila baada ya dakika 10, mchana mzima utakuwa na picha 60, filamu ya sekunde mbili na nusu, na mvua ya rasharasha yaweza kupita katikati isionekane. Ukipiga kila sekunde 5, utapata filamu ya dakika karibu tano, na hakuna atakayeimaliza. Kivuli na wingu hutaka nusu dakika hata dakika moja. Mkarafuu unaotoa vikonyo hutaka picha moja au mbili kwa siku.

Kufunga kamera ni kazi ya nusu saa, lakini ikifanywa ovyo huharibu yote. Ifungwe penye ukuta. Mti huyumba, na filamu ya kamera iliyofungwa mtini humpa mtu kizunguzungu. Isitazame jua linapozama. Katonga hilo si dogo, kwani jua huzama upande wa ziwa, na tulilazimika kuigeuza kamera itazame kaskazini. Katika maagizo ya kamera yenyewe, yazuie yale yanayobadilisha mwanga na rangi wenyewe kila mara, la sivyo filamu itametameta kama taa mbovu. Futa kioo kila asubuhi. Buibui hupenda kamera kuliko mahali pengine po pote, hatujui kwa nini.

Tena waombe ruhusa watu watakaoonekana. Mwaloni watu huoga na kufua. Sisi tuliinamisha kamera ikaona vichanja tu na kipande cha maji. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata pasipo sheria, mtu hafungi jicho lisilolala mbele ya jirani bila kubisha hodi.

Jioni, picha zikiwa zimekwisha kusanyika, huingia katika jalada la siku hiyo na kutoa amri hii, yote katika mstari mmoja:

ffmpeg -framerate 25 -pattern_type glob -i '*.jpg' -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p mchana.mp4

Namba 25 ni picha kwa sekunde. Maneno yuv420p msiyaache, kwani simu nyingi hukataa kufungua filamu isiyo nayo. Neno glob halifanyi kazi katika Windows. Huko picha hupewa kwanza namba za mfuatano. Baada ya muda wa kunywa kikombe cha chai, filamu iko tayari. Yako maagizo katika Motion ambayo huifanya filamu moja kwa moja bila kuhifadhi picha, nayo huanza na neno timelapse. Hatuyapendi. Umeme ukikatika filamu iliyo wazi yaweza kuharibika, lakini picha moja moja hubaki salama.

Siku ya tatu mchana ulipita bila kasoro. Usiku tuliketi uani, mwenyeji wetu, mpwa wake, sisi, na majirani kadhaa waliosikia kwamba kuna sinema. Tulionyesha zile sekunde 48 mara moja, hakuna aliyesema neno. Mama akasema, "Rudisha."

Yaliyoonekana ni haya. Dagaa walitandazwa katika safu zote karibu saa 3. Safu ya maji na ya katikati zilikuwa juani tangu hapo. Safu ya juu ilikuwa katika kivuli cha mwembe ulio nyuma ya nyumba, na kivuli hicho kilijivuta polepole kama jamvi linalokunjwa, kikaiacha ncha ya mwisho ya safu baada ya saa 5. Dagaa wa juu walikuwa wakipoteza saa mbili za jua kila siku, zile za kwanza, wakati maji yapo mengi mwilini. Kijana alionekana akipita na kugeuza, kama wenzake, na mara moja zaidi kuliko wao.

Mtu angeuliza, mbona mama hakukiona kivuli, naye yupo hapo kila siku? Lakini asubuhi yeye huwa majini, akipatana bei na wenye mitumbwi. Akirudi, kivuli kimekwisha ondoka. Tena jua la Kigoma hudanganya wageni na wenyeji. Nchi nzima hutumia saa moja, na Kigoma iko mbali magharibi, hata jua huchomoza huko kama dakika 40 baada ya kuchomoza visiwani kwetu. Saa 4 ya Katonga bado ni asubuhi changa, na vivuli ni virefu.

Mwembe haukukatwa. Embe za pande za Ujiji zina sifa yake, na tulipogusia habari ya shoka tulitazamwa vibaya. Vichanja vinne vya safu ya juu vilisogezwa hatua kumi na tano upande wa kusini, nje ya kivuli. Juu ya ujira uliokatwa, mama hakutuambia kitu, wala hatukuuliza. Lakini asubuhi iliyofuata kijana alituletea samaki aina ya mgebuka, mkubwa, akisema ametumwa.

Kwetu sisi, kila mwanachama atazame uwanja wake. Wengi huanika karibu na nyumba ili mvua ikija wawahi, na nyumba huwa na mnazi, mwembe au paa la banda upande wa mashariki. Jamvi moja hukauka kwa siku nne, jingine kwa siku sita, tukasema karafuu hii ilichumwa mbichi, au fulani hakuigeuza. Karafuu ikikaa na unyevu huchacha, hupauka, na penye mizani hushuka daraja. Kilo tatu mbichi hutoa kama kilo moja kavu. Mtu aliyekwisha lipa wachumaji na wachambuaji hana nafasi ya kupoteza kwa kivuli. Siku tatu za picha, tena mwanzo wa msimu, zatosha kuonyesha jamvi lipi lihame. Baada ya hapo kamera yaweza kwenda kwa jirani. Hatuoni sababu ya kila mwanachama kununua yake: moja kwa kijiji yatosha.

Kamera yetu hatukurudi nayo. Mwenyeji wetu aliiomba kwa kazi nyingine. Miaka ya kuanzia 2020 Ziwa Tanganyika lilipanda, likameza fukwe na nyumba katika pwani ya Kigoma, na vivyo hivyo Bujumbura na Uvira. Ziwa hilo lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, na likijaa hushuka kwa taratibu. Safu yake ya tatu imekwisha hamishwa mara moja kwa ajili ya maji, naye ataka kujua kabla ya kuisogeza tena kama ufuko unarudi au unaendelea kuliwa. Tuliiweka kamera ipige picha moja kila siku saa 6 mchana, ikitazama mti mmoja uliosimama majini. Mwaka mzima utakuwa picha 365, na filamu yake haitatimia sekunde 15.

Filamu ya vichanja iko katika kompyuta ya ofisi ya Chama. Mwanachama anayetaka kuitazama aje Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Atakaye faili la maagizo lililokwisha sahihishwa aje na flashi yake, na mwenye kamera tayari alete pia karatasi yake ya maelezo, ili tuitafute anwani ya mkondo pamoja.